Mhesabu samaki akiondolewa gatini

Shemeji yangu ni mtu wa Vanga, kijiji cha mwisho cha Kenya kabla hujavuka kuelekea Tanga. Alipokuja kututembelea Raleigh, North Carolina, kiangazi cha 2025, alivumilia siku nne za kuzungushwa madukani. Siku ya tano akasema wazi kwamba hakupanda ndege kuja kutazama mafriji. Nikampakia kwenye gari. Mwendo wa karibu saa tatu ulitufikisha Emerald Isle, kwenye gati refu la mbao ambalo watu hulipa kiingilio, kisha hujipanga kandokando na fimbo zao za kuvulia, jua likiwachoma shingo.

Hatukumaliza saa, kelele zikazuka kule mwisho wa gati. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya jeshi la majini alikuwa ameng'ang'ania fimbo iliyopinda kama upinde, na vijana watatu wakimteremshia wavu. Samaki alipotua juu ya mbao, mrefu, mgongo mweusi, mstari mweupe ubavuni, shemeji alinidaka mkono. "Shem, huyu si songoro?" Alikuwa songoro. Huku wanamwita cobia, lakini ndiye yuleyule tunayemjua Vanga, Pemba na Kilwa.

Kilichomshangaza zaidi kilikuja baadaye. Alitokea binti wa idara ya uvuvi ya jimbo, kishikwambi mkononi, ubao wa kupimia kwapani. Akamsalimu yule mzee, akamuuliza amevua kwa saa ngapi, amekuja mara ngapi ndani ya miezi miwili, na samaki wangapi amewarudisha majini. Akampima songoro urefu na uzito, akaandika, akahamia kwa jirani. Akatufikia hata sisi, ambao hatukuwa tumepata hata kidagaa. Nikamwambia sifuri. Akaiandika sifuri yetu kwa makini yaleyale aliyomwandikia songoro.

Shemeji akawa kimya. Nyumbani aliwahi kuwa karani wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya mwarobaini vyombo vikirudi, mizani imening'inia tawini, akiandika nani kaleta nini, kwa mtego gani, kilo ngapi. Posho yake ilitoka kwa mradi. Mradi ulipofunga, posho ikakatika, na daftari likabaki na kurasa nyeupe kuanzia mwezi ule. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mgeni wa kushangaa tu. "Huyu analipwa na nani, shem? Na siku wakiacha kumlipa?"

Pale gatini nilimjibu nusunusu. Hii hapa nusu iliyobaki.

Binti yule ni mwajiriwa wa jimbo, lakini zoezi analofanya ni la taifa, na fedha zake hutoka Washington kupitia NOAA, mamlaka ya Marekani ya bahari na anga. Ndani ya NOAA imo idara ya uvuvi ambayo mizizi yake ni tume iliyoundwa mwaka 1871, wakati watu wa New England, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, walipokuwa wakilalamika kwamba samaki wanapungua na kila mmoja akimnyoshea mwenzake kidole. Idara hiyo hupeleka meli za utafiti baharini, husoma umri wa samaki maabarani, huweka waangalizi ndani ya vyombo vya biashara, na mwisho wa yote hutangaza nani avue nini, wapi, kwa siku ngapi.

Mwaka 2025 idara hiyo ilipigwa pande zote. Siku ileile ya kuapishwa kwake, 20 Januari, Rais Donald Trump alisimamisha kanuni mpya na ajira mpya za serikali kuu. Mwisho wa Februari mamia ya wafanyakazi wa NOAA waliokuwa bado kwenye kipindi cha majaribio walifukuzwa. Mahakama ikaamuru warudishwe, wakarudishwa, na Aprili wakafukuzwa tena. Wakongwe wengi walipoona hivyo wakachukua kiinua mgongo mapema. Kisha likaja pendekezo la bajeti ya mwaka wa fedha 2026, lililotaka NOAA ishushwe kutoka takriban dola bilioni 6 hadi kama bilioni 4.5. Oktoba serikali yenyewe ikafungwa, siku 43, kwa ugomvi wa bajeti.

Katikati ya haya yote, tarehe 17 Aprili, Ikulu ilitoa amri ya kuinua uvuvi wa Marekani. Amri ililalamika kwamba nchi inaagiza kutoka nje karibu asilimia 90 ya samaki inaowala, na ikataka wavuvi watuliwe mzigo wa kanuni. Lengo hilo sina ugomvi nalo. Nchi yenye pwani ndefu kiasi kile ina haki ya kutaka kula samaki wake. Ugomvi wangu ni kwamba mkono mmoja unamwambia mvuvi avue zaidi, na mkono wa pili unamfukuza mtu ambaye bila hesabu yake huyo mvuvi haruhusiwi kuvua.

Makala nyingi nilizosoma, hata za wasiompenda Trump, zinakieleza kisa hiki kama kesi ya mazingira dhidi ya mvuvi: serikali ikilegeza kamba, samaki ataumia, mvuvi ataneemeka. Hiyo nusu ya pili naona si kweli. Kwa jinsi sheria yao ilivyo, hesabu zikikatwa mvuvi mwenyewe ndiye wa kwanza kuumia, hasa yule wa fimbo moja na kiti cha kukunja.

Sheria kuu ya uvuvi Marekani, Magnuson-Stevens, ni ya mwaka 1976. Marekebisho yaliyotiwa sahihi na George W. Bush Januari 2007 yaliweka sharti la kikomo cha mavuno kwa kila mwaka. Kikomo hicho hakichomolewi hewani. Wanasayansi hukadiria kwanza kiasi ambacho kikizidi, samaki wataanza kwisha. Halafu hujiuliza wana uhakika kiasi gani na makadirio yao, na kwa kadiri ya mashaka waliyonayo wanapunguza. Mashaka yakiwa madogo, kinachopunguzwa ni kidogo. Yakiwa makubwa, panga linashuka hadi chini. Ni kama mama mwenye debe la unga asiloweza kuchungulia ndani: akijua zimebaki kilo tano, atasonga ugali wa kushiba, asipojua, atapima kwa kikombe cha chai hata kama debe limejaa. Kila meli ya utafiti inayobaki bandarini na kila binti wa kishikwambi anayeachishwa kazi ni mashaka yaliyoongezwa, na mashaka hayo yanakatwa kwenye ndoo ya mvuvi. Samaki wanaweza kuwa tele, lakini kisheria hawapo mpaka mtu awahesabu.

Kuna jambo la pili, ambalo wapiga kelele za kufuta kanuni hawapendi kulisikia. Misimu mingi huko haifunguki yenyewe. Hufunguliwa kwa kanuni, iliyoandikwa na ofisa na kuchapishwa rasmi. Ukisimamisha kanuni, umesimamisha msimu. Masika ya 2025 wavuvi wa New England wa samaki wa sakafu ya bahari, ambao mwaka wao huanza 1 Mei, walikaa roho juu wasijue kama watatoka, mpaka ikaletwa hatua ya dharura dakika za mwisho. Na kufunga nako kunahitaji ofisa. Nje ya pwani ya North Carolina, majira ya baridi yale, jodari wakubwa wa Atlantiki waliendelea kuvuliwa baada ya mgao kujaa kwa kuwa tangazo la kufunga lilichelewa. Shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba mgao ulipitwa. Mgao wa jodari ni wa taifa zima. Anayepita kikomo Carolina amekula cha mwenzake wa Massachusetts.

Wavuvi wa burudani nao wana malalamiko ya miaka mingi, na mengi ni ya haki. Mfano unaotajwa kila gatini ni red snapper, samaki mwekundu wa ukoo mmoja na kungu na kelea wetu. Katika pwani ya Atlantiki ya kusini-mashariki mwa Marekani, mwaka 2024, msimu wake kwa wavuvi wa burudani katika maji ya serikali kuu ulikuwa siku moja. Ndiyo, moja. Mwaka 2025 zikawa mbili. Katika Ghuba ya Mexico, mwaka 2017 zilitangazwa siku tatu, kelele zikapanda hadi Waziri wa Biashara Wilbur Ross akaongeza 39. Mtu amenunua boti kwa mkopo wa miaka kumi, amelipia maegesho, mafuta na barafu, halafu anaambiwa siku yako ni Ijumaa, na Ijumaa yenyewe upepo ukivuma shauri yako. Huku chini ya boti yake kila akitupa ndoana anapandisha red snapper. Ungekuwa wewe, ungeamini takwimu za serikali?

Bunge liliwasikiliza, likatoa mamilioni ya dola ili watafiti wa vyuo wahesabu upya samaki hao katika Ghuba. Matokeo ya mwaka 2021 yalitoa takriban samaki milioni 110, kama mara tatu ya makadirio ya NOAA. Mwaka 2023 NOAA wenyewe wakakiri kwamba hojaji wanayotuma kwa posta kuuliza watu wametoka kuvua mara ngapi huenda ilikuwa ikikuza safari kwa asilimia 30 hadi 40. Mtu husahau, huhesabu safari ya mwezi juzi kana kwamba ni ya juzi.

Wapo waliosoma habari hizi wakasema basi, wafukuzwe wote, hawajui kitu. Mimi nasoma kinyume. Makosa yale yaligunduliwa kwa kuhesabu zaidi, kwa fedha nyingi zaidi. Hakuna hata moja lililofichuliwa na mkato wa bajeti. Ukivunja mizani kwa sababu inapunja, utauza kwa macho, na ikifika hapo mchuuzi ndiye atakayekuwa na macho makali kuliko wewe.

Tena sababu ya siku ile moja haikuwa wavuvi kubeba red snapper wengi mno nyumbani. Ni wale wanaovuliwa kwa bahati mbaya mwaka mzima, mtu akitafuta samaki mwingine. Samaki akitolewa kina kirefu haraka, kibofu chake cha hewa huvimba, macho humtoka, na ukimrudisha majini anaelea juu kama chupa mpaka ndege au papa amalize. Hao hawafiki gatini, hakuna mizani itakayowaona. Wanajulikana kwa njia chache tu, mojawapo ikiwa lile swali la tatu la yule binti: umerudisha wangapi?

Mvuvi wa Marekani ataruka hapa aseme yeye analipa. Ni kweli. Tangu sheria ya mwaka 1950, kila fimbo na kila roda ya mshipi ina ushuru wa asilimia 10, na mwaka 1984 ukaongezwa ushuru wa mafuta ya boti. Ni mfumo mzuri, nautamani kwetu. Lakini fuko hilo hugawiwa kwa majimbo. Meli za NOAA na maabara zake hazili humo. Zinasubiri bajeti ya kila mwaka, inayotegemea nani kaamkia upande gani Washington. Mtu ananunua fimbo akiamini ameshalipia kila kitu, kumbe anayempangia siku zake za kuvua hana fungu humo. Vyama vya wavuvi wa burudani vina wanachama wengi na sauti nzito bungeni. Vilitumia miaka kuipiga vita NOAA kuhusu takwimu mbovu, na naona vilichelewa kutambua tofauti kati ya takwimu mbovu na kukosa takwimu.

Tofauti hiyo waliionja watu wa kaa kule Alaska. Kila kiangazi, kwa utaratibu usiobadilika tangu 1982, NOAA hukokota wavu katika mamia ya vituo vya Bahari ya Bering mashariki, dakika 30 kila kimoja, wavu wa aina ileile, mahali palepale. Kazi ya kuchosha isiyo na habari ya kuweka gazetini. Mwaka 2018 ilionyesha kaa wa theluji kwa mabilioni. Mwaka 2020 haikufanyika kwa sababu ya korona. Mwaka 2021 meli iliporudi, kaa hawakuwepo. Zaidi ya bilioni 10 walikuwa wametoweka. Maji yalipata joto, njaa ya kaa ikapanda, chakula hakikutosha. Oktoba 2022 msimu ukafungwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka ule mmoja wa giza haukuwaua kaa. Joto ndilo lililowaua. Lakini manahodha waliokuwa wanapanga mikopo na kuajiri mabaharia walipanga bila kuona, na aliyenunua chombo mwaka huo hana wa kumrudishia fedha.

Nisimwonee Trump peke yake. Mwendo mfupi kutoka gati letu, mjini Beaufort, kuna maabara ya NOAA ya mwaka 1899, mojawapo ya kongwe kabisa nchini, ambako umri wa samaki wengi wa Kusini-Mashariki husomwa. Mwaka 2014 bajeti iliyopendekeza kuifunga ilitoka kwa serikali ya Obama. Wabunge wakakataa, ikasalimika. Wahesabu samaki hawana chama. Hawakatizi barabara wakigoma, hakuna foleni inayojaa wasipokwenda kazini, na ndiyo maana kila waziri wa fedha anayetafuta pa kubana huwaona wao kwanza.

Safari hii pia Bunge limekataa. Januari 2026 lilipitisha bajeti inayoiachia NOAA zaidi ya dola bilioni 6. Nilimpigia shemeji kumwambia, naye akaniuliza kama mtu aliyewahi kushika daftari: "Na walioondoka wamerudi?" Hawakurudi wote. Mtaalamu wa miaka 25 aliyechukua kiinua mgongo yuko kwake anapanda nyanya. Kijana aliyefukuzwa mara mbili ndani ya miezi miwili ameshapata kazi kwingine, na sidhani atarudi kufukuzwa mara ya tatu. Fedha zinapitishwa kwa kura moja ya alasiri. Mtu anayeweza kusoma umri wa samaki maabarani hapatikani hivyo. Na rais anaweza kuleta pendekezo lilelile mwakani.

Msomaji wa Mafia au Malindi anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Sehemu kubwa, ndiyo. Ila maji ya Bahari ya Hindi yanapopata joto na matumbawe kuanza kuwa meupe, onyo ambalo wahifadhi wetu wengi hulitazama kwanza linatokana na setilaiti zinazosomwa na NOAA, kwenye mpango wao wa kulinda matumbawe. Ndio waliotangaza, Aprili 2024, kwamba matumbawe ya dunia yako katika wimbi la nne la kupauka. Hatulipi hata senti. Na meli ambayo imefanya tafiti nyingi kubwa za samaki katika pwani yetu, Dr. Fridtjof Nansen, ni ya fedha za Norway. Hatuna cha kumcheka Mmarekani anayezozana juu ya nani alipe mhesabu wake, sisi ambao wa kwetu tumewaachia wageni, kisha tunashangaa daftari likibaki jeupe mgeni akirudi kwao.

Jioni ile gatini, yule mzee wa songoro alimpasua samaki wake kwenye meza ya kusafishia kwa ustadi ambao shemeji aliukubali. Akatoa minofu miwili safi. Mfupa na kichwa chake chote akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akatuambia anapita duka la chambo, pana friji ya idara ya uvuvi. Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vidogo vya masikio, vyenye mistari kama pete za shina la mti. Maabara huvichonga, huhesabu mistari, hujua songoro alizaliwa mwaka gani.

Shemeji alimtazama kana kwamba amesikia matusi. "Kichwa cha songoro? Wanakitia kwenye friji ya serikali?" Nilijua anachowaza: supu, ndimu, pilipili, sufuria ya mamaye kule Vanga. Nikaeleza tena habari ya vijiwe. Akasikiliza huku hatoi macho kwenye mfuko.

Tuliandamana na mzee hadi dukani. Kwenye friji palikuwa na kadi na kalamu iliyofungwa kwa kamba: tarehe, mahali, urefu, zana. Mzee alikuwa na mikono yenye damu ya samaki, akaomba mmoja wetu amjazie. Shemeji akachukua kalamu kabla sijanyoosha mkono. Akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kama alivyokuwa akiandika chini ya mwarobaini, akauliza urefu mara mbili ili awe na hakika, akaitia kadi ndani ya mfuko, akafunga fundo. Kisha akakaa na kile kichwa mkononi muda kidogo kabla hajakifungulia friji.